Mwenye nyumba, mbwa umemleta mwenyewe, leo unaniambia nimtoe mimi?

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nnaandika na hasira zangu, asiyeweza kustahamili apite tu, asije akaniambia nipunguze maneno.

Miye mwanafunzi wa chuo, nnakaa nyumba ya kupanga pande za Tunguu, Unguja, na wenzangu wawili, sote wasichana. Mwenye nyumba kanipa amri: "hilo jibwa lako" liondoke kabla ya Ijumaa, ama tuondoke nalo. Lako! Hapo ndipo aliponipandisha mori. Mzee wangu, kwa heshima zote, huyo mbwa ulimleta wewe, kwa mikono yako, ndani ya karai, na kamba yake shingoni.

Wacha niwahadithie muone.

Tulipohamia, nyumba haina ukuta. Wezi wakaanza na kanga zetu kambani, tukanyamaza. Wakaja wakang'oa pampu ya kisima, tukawa tunateka maji kwa majirani na ndoo kichwani kama tumerudi enzi za bibi zetu. Kisha ikaja kubwa: kompyuta ya mwenzangu ikavuliwa dirishani kwa upondo wenye ndoana, nondo ziko pale pale, sisi tumelala, na kazi yake yote ya utafiti imo ndani. Tukamwambia mzee atie ukuta, akasema tofali ghali. Tukamwambia basi hata taa ya nje, akauliza umeme nani atalipa. Akaenda zake kusini kwa jamaa zake wasasi, hao wanaowinda nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya watu, akarudi na mtoto wa mbwa. "Huyu ndiye askari wenu." Kauli yake hiyo, na wenzangu mashahidi.

Askari kaletwa, chakula chake hakikuletwa. Wala hakuna aliyeuliza nani atamwogesha, nani atamtoa kupe. Mwenzangu mmoja ni mtu wa Wete, na yeye mbwa hataki hata kumuona kwa mbali. Wala simlaumu. Kwao Pemba kichaa cha mbwa wanakijua: kiliondoshwa kwa kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji, kikarudi mwaka 2016, ikabidi kiondoshwe tena kwa kuchanja vile vile. Yule mwengine anasema yeye mtu wa udhu, asisogezewe. Nikabaki miye, kana kwamba miye sisali.

Nikajifunza. Nani angenifunza? Sisi wengi wetu hatukukua na mbwa ndani ya kiambo, mbwa tunamjua kwa kumkimbia. Nikaenda kwa daktari wa mifugo na maswali yangu, ndipo nikajua kwamba chanjo ya kichaa hupigwa mbwa akishatimia miezi mitatu na huwa inarudiwa, kwamba minyoo ina dawa yake, na kwamba mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha ikamtoboa tumbo. Vitunguu ni sumu kwake, na chokoleti pia. Sasa fikirieni, mabaki ya chakula cha Kizanzibari yasiyo na kitunguu uyapate wapi? Ikawa nampikia mbali, ugali na vichwa vya samaki, kwa pesa za bumu, mkopo wetu wa kujikimu chuoni, hizo hizo nilizotakiwa nitolee kopi za vitabu.

Na ibada yangu nimeilinda. Analala nje, bandani, hajawahi kuvuka kizingiti. Chombo chake mbali, nguo zangu za kusalia zimo kwenye mfuko wake juu ya kabati, na karibu na mlango wa uwani pana kopo la udongo. Akinilamba mkono, nnakosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa madrasa. Akinipitia mkavu na miye mkavu, hakuna cha kukosha. Hayo ni katika Shafii yetu hii hii, sikuyatunga. Asubuhi nimeshavaa baibui, daladala inakuja, yeye anataka kunirukia kwa furaha, basi nimemfunza kukaa chini mpaka nipite. Mbwa kaelewa. Binadamu ndio hawajaelewa.

Maana majirani sasa. Vijana wanampiga mawe yumo uwani mwake, hakumgusa mtu. Akibweka, wanasema mkali. Akinyamaza, wanasema anaumwa. Mke wa mwenye nyumba kapita nyumba kwa nyumba anasema mbwa ana kichaa kwa sababu ulimi unamtoka na mate yanadondoka. Mama, jua la saa saba hilo! Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, hatoki jasho kama wewe. Kadi yake ya chanjo nimemwonesha, kaitizama kama risiti ya bandia. Mwenye hofu ya kweli ya kichaa angefurahi kuona kadi, kwa sababu ugonjwa ule dalili zikishamtokea mtu karibu hakuna anayepona. Na angewakataza watoto wake mawe, kwa sababu mbwa anayepigwa ndiye anayeuma. Na angewafunza kwamba mtu akiumwa na mbwa, kidonda kikoshwe kwa sabuni na maji yanayomiminika dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo akapigwe sindano. Hayo hayasemwi. Linalosemwa ni kwamba miye nimeiga wazungu na kwamba mume sitapata.

Sasa kiini cha yote haya. Mtoto wa mzee aliyeko Omani kaleta pesa. Ukuta umesimama, geti la chuma limewekwa, taa inawaka mpaka asubuhi. Na tangu geti lilipofungwa, ghafla bin vuu, mbwa kawa haramu. Wakati wa wezi alikuwa askari, wala sikusikia hadithi hata moja. Leo nnasomewa kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa thawabu zake kila siku. Naijua. Imalizie, mzee: isipokuwa mbwa wa kuwindia, wa mifugo au wa shamba. Wewe mwenyewe umemtoa kwa wasasi, ukamleta alinde mali yako! Na Suratul Kahf mnayoisoma kila Ijumaa, mbwa wa wale vijana waliolala pangoni yupo mlangoni mwa pango kanyoosha miguu yake ya mbele, hakufukuzwa.

Nnapomwambia hivyo anasema nna mdomo. Haya, nna mdomo.

La kuudhi zaidi ni huko barazani kwenye kahawa, anakohadithia kwamba "hawa wanafunzi wameniletea mbwa nyumbani kwangu". Maneno yakafika kwa sheha, kiongozi wa mtaa, naye kaniita, na nimekaa pale kwenye benchi najieleza kama mtuhumiwa, wiki ambayo mitihani ya mwisho wa muhula iko mlangoni. Mzee yupo pembeni, anatizama viatu vyake. Sheha, Mungu ampe kheri, alimuuliza moja tu: mbwa katoka wapi? Akajibu, "Hayo yameshapita."

Yamepita kwa nani? Nikamuuliza mzee, basi mbwa nimpeleke wapi. Akanambia kamwache Kibele, kwenye jaa, atajitafutia. Mbwa mzima, kachanjwa, kazoea mtu, akatupwe kwenye taka! Chanjo yake itakwisha nguvu, atachanganyika na mbwa koko, na siku atakayomuuma mtoto wa mtu atasakwa apigwe, na mzee wetu atakuwa wa kwanza kusema "si nilikwambieni". Kila mtaa una mbwa koko na kila mtaa unalalamika, wala hakuna anayeuliza nani aliwatupa.

Kwa hivyo nimekuja na mawili. La kwanza, mwenye shamba, awe Dunga, Bambi au Uzini, anayehitaji mlinzi wa kweli dhidi ya nguruwe na wezi wa nazi, aniandikie faraghani. Mbwa ni dume, ana kadi, ameshapigwa dawa ya minyoo, na hapewi mabaki ya pilau. Simuuzi. Lakini nitakuja kuona banda kwanza, na mwenye kutaka kumfunga mnyororo mfupi kucha kutwa asijisumbue.

La pili, walio karibu na mzee wamfikishie: mpaka nipate mtu huyo, mbwa hatoki. Kodi tumelipa mpaka mwisho wa muhula na risiti ina saini yake. Kama ana haraka ya Ijumaa, karai lake liko bandani, aje ambebe mwenyewe amrudishe kusini alikomtoa.