Majani yametoka, mizizi je?

Neema: Shikamooni wakubwa. Vijiti vya bogonvilia nilivyokata na kupanda vitoe mizizi vina siku 18 na vyote vimechipua majani 😍 Nivihamishie kwenye vyungu leo?

Shangazi Zuhura: Marahaba. Viache hapo hapo!

Shangazi Zuhura: Majani hayo yanakula akiba iliyomo ndani ya kijiti. Kijiti kilichokomaa kinaweza kuvaa majani huku chini hakina hata uzi mmoja wa mzizi. Ukikihamisha sasa, akiba ikiisha kinanyauka. Bogonvilia ni mzito kutoa mizizi, mhesabie wiki 6 hadi 10.

Idi: Mtu anajuaje mizizi imetoka bila kufukua?

Mjomba Hamisi: Kishike kwa vidole viwili, ukivute kidogo kwenda juu. Kikikataa, kimeshika. Kikija chenyewe, rudisha usubiri.

Shangazi Zuhura: Hamisi, hiyo ni ya krisanthemumu na koleasi. Bogonvilia usimvute, mizizi yake inakatika kama tambi kavu. Yeye mpande kwenye chupa angavu iliyokatwa na kutobolewa chini, uizungushie kitambaa cheusi. Ukitaka kuchungulia unafunua kitambaa tu.

Mjomba Hamisi: Hapo umenishinda.

Neema: Kuna kimoja kimekuwa cheusi kuanzia chini

Mjomba Hamisi: Kimeoza. Umepanda kwenye udongo gani?

Neema: Wa bustani, na samadi kidogo nivitie nguvu

Mjomba Hamisi: Ndiyo iliyokiua. Kijiti kisicho na mizizi hakina mdomo wa kulia hiyo samadi. Kina kidonda kibichi, na samadi inakiletea kuvu na chumvi. Tumia mchanga wa chembe kubwa sehemu 1, vumbi la makumbi ya nazi sehemu 1. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka, uache upoe kabisa. Ukiufinya kiganjani yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, ni mengi.

Idi: Mi nataka waridi. Nakata wapi?

Shangazi Zuhura: Tafuta tawi lililotoka kumaliza kuchanua, unene wa penseli. Sukuma mwiba pembeni kwa kidole gumba: ukibanduka kirahisi, tawi limefikia umri wake. Kata asubuhi likiwa limeshiba maji, urefu wa sm 15 hadi 20, vifundo (pale jani linapotokea) 4 au 5. Mkasi uwe mkali na umefutwa kwa spiriti, maana mkasi butu unaponda shina na paliposagika ndipo panapoozea.

Shangazi Zuhura: Chini kata mshazari, nusu sentimita chini ya kifundo, kwani mizizi hupenda kutokea hapo. Juu kata bapa. Tofauti hiyo ya mikato ndiyo itakayokuonyesha upande wa kupanda. Kijiti kilichopinduliwa hakitakupa mmea wa maana.

Shangazi Zuhura: Ua na vitumba vyote toa, hata kama roho inauma. Acha majani 2 juu, makubwa uyakate nusu. Vifundo 2 viingie mchangani. Toboa shimo kwanza kwa kijiti kingine, usikichomeke kwa nguvu.

Idi: Kwa nini kukata majani nusu tena?

Mjomba Hamisi: Jani linatoa maji mchana kutwa, na huko chini hakuna wa kuyarudisha. Kazi yote hii ni kukifanya kijiti kisikauke mpaka kipate mizizi. Ndiyo maana tunafunika kwa mfuko wa plastiki angavu ulioinuliwa na vijiti ili usiguse majani. Weka penye mwanga, lakini jua lisipige moja kwa moja, mfuko utageuka jiko. Funua dakika 10 kila siku hewa ibadilike. Watu wakiona majani yamelegea wanazidisha maji kwenye kopo, kumbe ukavu uko hewani. Wanaozesha chini na juu kunaendelea kukauka.

Neema: Na jeraniamu nazo nifunike?

Shangazi Zuhura: Hapana. Hiyo ina maji mengi shinani na majani ya manyoya, ukiifunika inaoza. Iache kivulini saa chache mkato ukauke, ndipo upande.

Idi: Asali vipi? Nasikia inaotesha mizizi

Mjomba Hamisi: Asali haina homoni ya mizizi. Kama una unga wa homoni, mimina kidogo kwenye kifuniko, chovya sm 1 ya chini, kung'uta uliozidi. Usichovye ndani ya kopo lake, utauchafua wote. Na ukizidisha, mizizi inazuiwa badala ya kuitwa. Koleasi haihitaji kitu, hata kwenye glasi ya maji inatoa mizizi. Badilisha maji kila siku 2, jani lisizame, na ihamishe mizizi ikiwa sm 3 hivi. Ukingoja ijae glasi, ile ya majini ni laini, udongoni inapata tabu.

Neema: Vikishika ndio nivipe chungu kikubwa?

Shangazi Zuhura: Chungu cha sm 10 kinatosha. Kikubwa kinabaki na maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyanywa. Mfuko nao usiutoe ghafla: fungua kwa muda wa saa moja, kesho saa mbili, uongeze hivyo mpaka siku 7 hadi 10. Mbolea ya maji baada ya wiki 2, nusu ya kipimo kilichoandikwa. Kikianza kukimbilia juu, nyofoa ncha kitoe matawi.

Neema: Sawa shangazi. Kile cheusi nitupe au nikate palipooza?

Shangazi Zuhura: Kwaruza gamba kwa ukucha juu ya weusi. Ukikuta kijani na vifundo 3 vimebaki, kata upande upya kwenye mchanga safi, ufute mkasi kwanza. Ukikuta kahawia, tupa, na mchanga wake pia.

Neema: Kijani! Vifundo vinne 🙌

Mjomba Hamisi: Basi andika tarehe ya leo kwenye kibao chake, kwa penseli. Wino unafutwa na jua, mwezi ujao utatuuliza tena kina siku ngapi 😂