Mjadala: Urubani wa kulipwa, aanzie nyumbani au Marekani?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, kila mwaka wazazi wanauza viwanja ili mtoto akasomee urubani, na kila mwaka ubishi ni ule ule. Wapo wanaosema aende Marekani, amalize upesi, arudi abadilishe leseni. Wapo wanaosema asome Afrika Mashariki, kwa leseni ya hapa tangu siku ya kwanza. Mimi nasimama na hawa wa pili.

Leseni ni mali ya mamlaka iliyoitoa. Anayetaka ajira kwenye ndege iliyosajiliwa 5H, yaani ya Tanzania, atahitaji karatasi ya TCAA, mamlaka ya anga ya huko, na kwenye 5Y, ya Kenya, atahitaji ya KCAA. Akirudi na ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, anaanza safari nyingine: barua ya uthibitisho kutoka Marekani, cheti cha afya daraja la kwanza cha hapa, mtihani wa sheria za anga, kisha kuruka na mkaguzi. Muda wote huo harushi ndege, mkono unakuwa mzito, na idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutazama vipimo tu bila kuona nje, inachacha mfukoni.

Rubani wa Caravan, Arusha

Sikubaliani nawe, ndugu mtoa mada. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni kimoja kwa dunia nzima: leseni ya kibiashara, ile ya kurusha ndege kwa malipo, ni saa 200 za kuruka, au 150 ukiwa kwenye kozi moja iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. FAA inadai 250 kwa njia ya Part 61, ya kusoma bila ratiba maalumu, na 190 kwa shule ya Part 141, yenye mtaala ulioidhinishwa. Kwa hiyo si leseni nyepesi.

Tatizo la hapa ni ndege. Shule ina ndege ndogo mbili za Cessna, moja imefunguliwa injini inasubiri silinda kutoka nje. Mwanafunzi anakaa wiki tatu bila kuruka, akirudi anatua kwa kuidundisha ndege, mwalimu anamrudisha masomo mawili nyuma. Leseni binafsi ambayo kisheria ni saa 40 inaishia 60. Hizo 20 za ziada ndizo zinazomaliza kiwanja, kuliko hata bei ya petroli ya ndege. Kabla ya kulipa uliza ndege ngapi zinaruka leo asubuhi, usiulize zimeandikishwa ngapi.

Mkaguzi wa leseni mstaafu, Nairobi

Nyote wawili mmeacha jambo linaloumiza vijana kuliko yote: jinsi saa zinavyoandikwa.

Chukua mstari mmoja wa kitabu cha kuruka kilichotoka Marekani. Ndege C172, muda wote saa 1.6. Safu ya kufundishwa 1.6. Safu ya rubani mkuu, ile ya PIC, nayo 1.6. Kule ni halali kabisa: kanuni ya 61.51 ya FAA inamruhusu mwenye leseni binafsi kujiandikia PIC maadamu usukani uko mikononi mwake, hata kama mwalimu amekaa kando anamfundisha. Hata anayekaa kama rubani wa usalama, akitazama nje huku mwenzake amezibwa asione nje kwa mazoezi ya vyombo, anaweza kuandika PIC.

Kwetu mkaguzi huchukua kalamu na kuuliza: siku hiyo nani aliwajibika na ndege? Kama ni mwalimu, saa hizo zinahesabiwa za kufundishwa tu. ICAO inadai saa 100 za PIC kwa leseni ya kibiashara, 70 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake ziwemo 20 za safari za mbali, na safari moja isiyopungua kilomita 540 yenye kutua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kijana anayeamini ana 140 anaweza kubaki na 85. Leseni anayo, ila hapa inabidi alipe saa 15 nyingine ili akubalike.

Dawa yake ni rahisi, ila ianze mapema. Weka safu ya ziada kwenye kitabu, uandike humo saa ulizoruka peke yako au na abiria tu. Na kabla ya kupanda ndege ya kwanza, iandikie mamlaka ya nyumbani uulize wanahesabu nini, upate jibu la maandishi.

Mwalimu wa urubani, Nairobi

Naongeza upande wa kazi yenyewe. Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Saa nane mchana, nyuzi 26, hewa ni nyembamba kama ya futi 8,000 hivi, na injini ya Cessna imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Aliyefundishwa Florida usawa wa bahari amezoea kusukuma kile kishikio chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa mpaka mwisho kabla ya kuruka. Akifanya hivyo hapa petroli inazidi hewa, injini inakohoa, njia ya kurukia inaliwa. Hapa unafungua nguvu zote za injini, unavuta chekundu taratibu ukitazama mizunguko ya injini ipande hadi kilele, ndipo unaachia breki. Atakayefanya kazi Mara au Lodwar ni heri alizoee hili akiwa bado na mwalimu.

Ila Wilson ina msongamano, na lazima tuuseme. Machi 2024 Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki. Mafunzo ya awali yanahitaji anga tulivu. Shule ya urubani ya Soroti, Uganda, ilianzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kwa ajili yetu sote, na ningependa serikali zetu ziweke ndege huko badala ya kila nchi kuhangaika peke yake.

Mtoa mada

Nimekubali hoja ya saa za PIC, sikuwa nimeipa uzito. Lakini wanaokwenda Marekani husema watafundisha kule mpaka wafike saa 1,500.

Mkaguzi wa leseni mstaafu

Kwa viza ya M-1, ile ya Marekani ya wanafunzi wa ufundi, haruhusiwi kuajiriwa, isipokuwa mazoezi ya vitendo baada ya kozi, yasiyozidi miezi 6. Na hizo 1,500 kwa rubani msaidizi ni sharti la mashirika ya Marekani tangu 2013, baada ya ajali ya ndege ya abiria ya Colgan, safari 3407, karibu na Buffalo mwaka 2009. ICAO inazidai kwa leseni ya ATPL, ile ya ukapteni wa ndege kubwa. Rubani msaidizi anaweza kuanza na leseni ya kibiashara yenye idhini ya vyombo.

Na jamani, cheti cha afya kitangulie. Macho, rangi, masikio, moyo. Kiwanja kiuzwe baada ya daktari kusaini.

Rubani wa Caravan, Arusha

Basi nabadilisha msimamo kidogo. Achukue leseni binafsi hapa. Kisha kanuni ya 61.75 impe cheti cha FAA kinachosimama juu ya leseni hiyo, bila kurudia mtihani wa kuruka, akajaze saa kule ambako ndege zipo, akiwa peke yake, PIC isiyo na ubishi. Leseni ya kibiashara na idhini ya vyombo arudi kuzifanyia nyumbani. Alipe kwa awamu, asikabidhi ada yote mkononi mwa shule yoyote. Barua ya FAA ya kuthibitisha leseni ya hapa aiombe mapema, ila si mapema mno, maana hudumu miezi 6 tu, na ahuishe leseni ya nyumbani kabla ya kuondoka: hii ikifa, na ile ya Marekani imekufa.