Mchango wa barabara ya mtaa ni wa hiari, lakini asiyemaliza hagongewi muhuri. Hii ni hiari gani?

Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniita mpinga maendeleo, kwa sababu jina hilo nimeshapewa hadharani na mwenyekiti wa mtaa wetu, mbele ya majirani niliozika nao na kuozesha nao, na limenichosha.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye yale makazi ambayo watu walijenga kwanza na barabara ikatafutiwa nafasi baadaye. Mwezi Januari tulitangaziwa kwa kipaza sauti, Jumamosi jioni, kwamba kesho yake saa 3 asubuhi kuna mkutano wa dharura. Tulipofika tulikuta kiwango kimeshapangwa: kila nyumba itoe shilingi 120,000 kwa ajili ya kumwaga moramu, kuchimba mtaro na kuweka makalavati mawili kwenye kipande kinachotoka lami hadi msikitini. Niliuliza swali moja tu, kwamba hiyo 120,000 imepatikanaje. Nilitaka kujua urefu wa kipande chenyewe, tripu za moramu zinazohitajika, bei ya tripu moja, gharama ya kukodi greda na idadi ya nyumba zitakazochangia, ili tugawanye sote tukiona. Nilijibiwa kwamba kamati imeshakaa na wataalamu. Hao wataalamu hawakutajwa, na hawakuwepo. Ile karatasi ya mahudhurio tuliyosaini mlangoni, ambayo juu yake hapakuwa na maandishi yoyote, niliikuta wiki mbili baadaye imebandikwa kwenye mlango wa ofisi, safari hii ikiwa na kichwa kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Wananchi walioridhia mchango". Jina langu ni la nne.

Halafu kuna suala la usawa, ambalo kila likiguswa watu wanaangalia chini. Mjane mwenye vyumba viwili, anayeuza vitumbua barazani kwake, amepangiwa 120,000. Mwenye ghala la vifaa vya ujenzi, ambaye malori yake ya nondo na saruji ndiyo yaliyochimba yale mashimo tunayoyalilia, naye amepangiwa 120,000 hiyo hiyo. Nilipendekeza kiwango kifuate ukubwa wa eneo na aina ya matumizi, au angalau wenye biashara zinazoingiza magari mazito wapangiwe chao peke yao. Nikaambiwa naleta matabaka mtaani.

Wapo watakaosema serikali haina fedha, kwa hiyo tujitolee. Sawa, lakini tukumbushane kwamba hatuanzi kuchangia leo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kila mwezi (kwa mpangaji mwenye mita yake ni yeye anayelipia jengo la mwenzake, ila hilo linahitaji uzi wake). Mwaka huo huo wa 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na Bunge lilielezwa kwamba fedha hizo ni za barabara za vijijini na mijini, yaani hizi hizi zetu. Bodaboda anayenibeba kila asubuhi ameshaichangia barabara hii kabla hajaikanyaga.

Sipingi wananchi kujitolea. Sekondari nyingi za kata zilisimama kwa matofali na nguvu za wananchi, na mimi mwenyewe nimebeba mchanga. Ninachokipinga ni kulazimisha kitu kisha kukiita hiari. Ibara ya 138 ya Katiba haimruhusu mtu yeyote kutoza kodi nje ya utaratibu wa kisheria, na halmashauri yenyewe ikitaka kutoza ushuru inalazimika kupitisha sheria ndogo kwenye baraza la madiwani na kuipatia kibali cha waziri. Mwenyekiti wa mtaa, tuliyempigia kura Novemba 2024, ameupata wapi uwezo ambao halmashauri haina?

Mwezi Februari nililipa nusu, shilingi 60,000, kwa ajili ya kulinda ujirani. Risiti niliyopewa ni kipande cha daftari la kaunta kilichochanwa kwa rula, hakina namba wala muhuri. Moramu ilimwagwa, mtaro ukachimbwa upande mmoja, na masika yakaondoka na sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa sababu maji yalikosa pa kwenda. Mwezi Juni wakaja mafundi wa maji kulaza bomba, wakapasua katikati ya barabara hiyo hiyo, wakafukia kwa udongo mtupu na kuondoka. Ina maana hakuna aliyenyanyua simu kuuliza bomba linapita lini! Sasa tumetangaziwa mchango wa awamu ya pili, 50,000 kwa kila nyumba, wakati mapato na matumizi ya awamu ya kwanza hatujasomewa hata siku moja.

Kilichonifanya niandike ni jambo la wiki iliyopita. Binti yangu anaomba mkopo wa elimu ya juu, na fomu inahitaji saini na muhuri wa serikali ya mtaa. Karani alifungua daftari, akashuka na kidole hadi kwenye jina langu, akamwambia: "Mwambie baba amalizie deni, ndipo urudi." Mtoto alirudi nyumbani na fomu yake mkononi. Nimeshamwandikia mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi, na nakala yangu imegongwa "Imepokelewa". Hadi leo siku ya sita sijajibiwa, na dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi.

Naomba kwa aliyewahi kunyimwa muhuri namna hii anieleze alikwenda ofisi gani na alishika karatasi zipi mkononi. Wanaonishauri nilipe tu yaishe, hiyo 60,000 iliyobaki ninayo. Wanioneshe kwanza hesabu ya ile waliyokwisha kuichukua.