Greda limechonga barabara ya mtaa, mvua moja tu imegeuka mfereji. Tulikosea wapi?

Jirani_wa_Goba
Wakuu, habari za jioni.

Mtaani kwetu Goba kuna kibarabara cha udongo, mita 800 hivi, upana mita 5, kinateremka kutoka kwenye lami hadi bondeni. Masika yalikifumua. Mwezi wa tisa wakazi tukachanga, tukakodi greda kwa siku moja. Opereta kaja saa tatu asubuhi, kachonga, kufika saa nane mashimo yote hayapo. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma ya mashine, mzee mmoja kapita na IST yake bila kukanyaga breki.

Vuli imeanza. Mvua ya usiku mmoja tu, asubuhi tunakuta mtaro katikati ya barabara na maji yanaingia kwenye mageti. Mweka hazina ni mimi. Wapo wanaosema tukodi greda tena, wapo wanaosema tulipigwa. Nishaurini kabla sijapitisha tena daftari la michango.

bledi_chini
Pole sana mkuu. Nimeendesha greda miaka tisa. Swali moja tu: ukisimama barabarani, uko juu ya viwanja vya pembeni au chini?

Jirani_wa_Goba
Chini mkuu. Ukuta wa jirani, msingi wake sasa unaonekana.

bledi_chini
Basi jibu unalo. Greda haliongezi udongo, linauhamisha tu. Opereta wako alikuwa anafukuza mashimo: anashusha kisu, yaani bledi, hadi usawa wa chini ya shimo, udongo anausukumia pembeni, anaondoka. Kila akipita barabara inazama. Pembeni pamebaki tuta refu, sivyo? Hilo tuta ndilo lilikuwa barabara yenu.

Kazi inayotakiwa: anachonga pembeni kwanza, ule udongo anaulaza kama tuta, kisha anaurudisha katikati na kuutandaza kwa bledi iliyoinamishwa upande. Katikati pawe juu, kama mgongo wa kobe, maji yamwagike kushoto na kulia. Na aende taratibu. Greda halina springi, ukilikimbiza linaruka, na linavyoruka bledi inachora mawimbi. Ndiyo ile barabara inayotikisa meno wiki moja baada ya kuchongwa.

Kaka_Tipa
Kwetu greda huwa linakuja kipindi cha kampeni tu, nyie mmelikodi wenyewe mnalalamika 😂

mhandisi_wa_vumbi
Naongezea hesabu. Barabara ya changarawe mgongo wake huwa asilimia 4 hadi 6. Kwako, kutoka katikati hadi ukingo ni mita 2.5, kwa hiyo asilimia 5 ni kama sentimita 12 na nusu. Huhitaji vifaa vya kupimia: vuta kamba iliyonyooka na kulala usawa kutoka katikati, pima ukingoni kamba iko juu ya udongo kiasi gani. Opereta akikuona na kamba na futi, kazi inabadilika yenyewe.

Lakini kwa kuwa mmeshazama, kuchonga peke yake hakutoshi, mtazidi kuchimba. Lazima kifusi kije. Moramu (udongo wenye changarawe) ya sentimita 15 baada ya kushindiliwa ni 800 × 5 × 0.15, yaani mita za ujazo 600. Ikiwa kwenye tipa bado haijashindiliwa, ongeza kama asilimia 30, inakuwa 780. Tipa la mita za ujazo 15 ni safari 52. Hapo ndipo hela ilipo, greda ni sehemu ndogo.

Mlishindilia?

Jirani_wa_Goba
Hapana. Tuliambiwa magari yatashindilia yenyewe.

mhandisi_wa_vumbi
Magari yanashindilia njia mbili za matairi, na maji yanafuata hizohizo. Leteni boza la maji na rola. Chukua moramu mkononi ukamate: ikibaki donge bila kuchuruzika maji, shindilia. Ikiwa vumbi, mwagia. Ila nyumba zikiwa karibu, mwambie wa rola azime mtetemo, vinginevyo michango inayofuata itakuwa ya kuziba nyufa.

MamaZawadi_Kibaha
Mimi nashika mikataba ya kukodisha mitambo, kwa hiyo nasema la upande wangu. Kaka, andikianeni: mafuta ni ya nani, lobedi (lori la kubebea mtambo) kuja na kurudi analipa nani, na saa zinahesabiwa kwenye mita ya mashine, siyo kwenye saa ya mkononi. Greda la ukubwa huo linaweza kunywa lita 15 hadi 20 za dizeli kwa saa likiwa kazini, kwa hiyo kama mafuta ni yenu, awepo mtu wa kamati pale anapojaza. Jingine, mabomba ya maji mitaani yamelazwa juujuu. Wekeni alama kabla kisu hakijashuka. Na mpitie serikali ya mtaa na TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) wilaya kwanza, isije ikawa barabara yenu ipo kwenye mpango wao.

bledi_chini
Mama kasema. Mimi naogopa jambo moja tu: maji yakishatoka mgongoni yanakwenda wapi? Kwenye mteremko kama huo mtaro wa pembeni unataka sehemu za kutolea maji njiani, yasikusanyike yote hadi bondeni. Pasipokuwa na pa kutolea, moramu yote safari 52 itahamia kwa watu wa chini.

Jirani_wa_Goba
Nimetoka kupima na kamba sasa hivi. Katikati pako chini kuliko ukingo kwa sentimita 9, yaani kobe wetu kalala chali.

Pa kutolea maji ni sehemu moja tu, nusu ya njia, kulikuwa na kijimkondo cha zamani. Kimejengewa ukuta. Mwenye ukuta ndiye aliyechanga hela nyingi kuliko sote, na ndiye anayetaka greda lirudi Jumamosi. Nikae naye peke yangu au niende na mjumbe?

MamaZawadi_Kibaha
Nenda na mjumbe. Na ile kamba usiisahau.