Naomba ushauri: tumekwama kwa Kant

Habari za jioni wanajamvi, na wakubwa shikamooni. Kila Jumamosi tunakutana vijana tisa hapa Morogoro kutazama mihadhara ya Michael Sandel, profesa wa falsafa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuhusu haki, zile sehemu 12 zilizowekwa bure mtandaoni mwaka 2009. Mwanzo ulikuwa mtamu. Kigari cha reli kimekatika breki, ukielekeze kimuue mmoja au uache watano wafe? Tulibishana mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Kile kisa cha mabaharia Waingereza wa 1884 waliomuua na kumla kijana wa melini, ndiyo usiseme.

Kwa Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 18, tumekwama. Wengi wetu waliishia kidato cha nne, Kiingereza kinawapita kasi. Nimejaribu kusimamisha video na kufasiri kila dakika, wakasinzia. Nikasimulia muhtasari kabla ya kutazama, ubishi wenyewe ukapoa. Sasa tumebaki watano.

Naomba kujua: lile agizo la Kant la kutomtumia binadamu kama chombo tu, mngelieleza kwa mfano gani wa huku kwetu, wa sokoni au kijiwe cha bodaboda? Na tukimruka Kant twende kwa John Rawls, mwanafalsafa Mmarekani anayefuata kwenye mihadhara, tutaelewa kitu kweli?