Serikali kuu ikisaini mkataba wa kimataifa, majimbo yanabanwa?

mdadisi_tu
Wakuu naombeni kueleweshwa. Tuseme Kanada, serikali ya shirikisho imesaini mkataba wa masaa ya kazi ila mambo ya kazi kikatiba ni ya majimbo, sasa bunge la shirikisho kule Ottawa linaweza kutunga sheria ya kuutekeleza au mpaka kila jimbo likubali? Na jimbo likigoma nani anabanwa huko nje?

wakili_wa_kijiweni
Mkuu hiyo hiyo ilishatokea. Mwaka 1935 serikali ya waziri mkuu Bennett ilipitisha sheria za masaa ya kazi, mapumziko ya wiki na kima cha chini cha mshahara, hoja yao ni kwamba wanatekeleza mikataba ya ILO, shirika la kazi la kimataifa. Mahakama yao ya Juu (Supreme Court) ikagawanyika 3 kwa 3, ikabidi waende Privy Council London, ndo ilikuwa mahakama yao ya mwisho ya rufaa enzi hizo, na 1937 jaji wake Lord Atkin akazifuta zote. Kusaini saini, lakini saini haikupi mamlaka ambayo katiba imewapa majimbo.

Bi_Hoja
Kinachonichekesha mimi ni kifungu cha 132 cha katiba yao ya 1867, kinaipa Ottawa nguvu ya kutekeleza mikataba ila ile iliyofungwa na dola ya Uingereza tu. Ndo maana mkataba wa ndege wanaohama wa 1916 Uingereza ikasaini kwa niaba yao, mwaka uliofuata Ottawa ikatunga sheria bila shida, halafu walivyoanza kujisainia wenyewe kama watu wazima kifungu kikawa hakiwasaidii tena, yaani wamepata uhuru bunge likapungukiwa meno 😂

mdadisi_tu
Duh! Na wengine nao hivyo hivyo?

wakili_wa_kijiweni
Hapana. India kifungu cha 253 cha katiba kinaliruhusu bunge waziwazi kutunga sheria ya kutekeleza mkataba. Australia, jimbo la Tasmania lilitaka kujenga bwawa mto Gordon, serikali kuu ikazuia kwa kutumia mkataba wa urithi wa dunia, 1983 mahakama ikakubali 4 kwa 3.

Bi_Hoja
Hapo kwa Australia ndo sikubaliani nao kaka, maana ukitaka kuingilia jambo lolote la jimbo unatafuta mkataba wa kusaini basi, majimbo yanabaki na nini? Bora Kanada, ni taabu lakini wanalazimika kukaa mezani na majimbo kabla ya kuridhia. @mdadisi_tu huko nje anabanwa serikali kuu, Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, kifungu cha 27, hauruhusu kujitetea kwa sheria zako za ndani.