Ramani ya PSCF inaweka wekundu baharini. Nihame HYSPLIT?

Kipimahewa
Habari wakuu. Nina vipimo vya PM2.5 (chembe laini za uchafu hewani) vya kila saa vya kituo kimoja, msimu mzima wa kiangazi. Nimerudisha nyuma mapito ya hewa (njia ambazo hewa ilifuata hadi kituoni) saa 72 kwa HYSPLIT, programu ya kukokotoa mapito hayo, data za hali ya hewa ni GDAS, zenye gridi ya digrii 1, naanzia mita 500 juu ya ardhi. Nikapeleka kwenye TrajStat, zana ya kuchambua mapito ndani ya programu ya MeteoInfo, nikachora PSCF, yaani ramani inayokisia uchafu ulitoka wapi (wekundu ni uwezekano mkubwa), kwa gridi ya digrii 0.25. Visanduku vyekundu kuliko vyote viko baharini, ukingoni kabisa mwa ramani. Msimamizi wangu anasema labda ni meli. Sijashawishika. Au nihamie FLEXPART, programu nyingine ya kazi hiyo?

Bundi_R
Angalia saa kwanza. HYSPLIT inataka UTC (saa za kimataifa). Kama vipimo viko kwa saa za kituo na hujazilinganisha, uchafu wa jioni unaubandika kwenye hewa ya saa nyingine kabisa.

Kipimahewa
Hilo nimeshalikagua mkuu, ziko sawa.

MzeeGridi
Usihame, na hao meli waache wapite. PSCF ni kugawa tu. Kwa kila kisanduku unahesabu nukta (mahali hewa ilipokuwa saa baada ya saa) za mapito yaliyofika kituoni wakati hewa ni chafu, yaani PM2.5 imevuka kikomo ulichoweka, unagawa kwa nukta zote zilizoangukia kisanduku hicho. Ukingoni mapito yametawanyika, kisanduku kinaambulia nukta 2, na zote mbili ni za siku moja chafu: 2/2 = 1, kinawaka. Kingine karibu na kituo kina nukta 400, kati yake 140 za hewa chafu: 0.35, kimefifia, ilhali chenye ushahidi ni hicho. Kwa hiyo weka uzito. Visanduku vyenye nukta nyingi kupita wastani viache vilivyo, vyenye nukta chache vizidishe kwa namba ndogo, hadi 0.05 kwa vile vya mwisho kabisa. Na uzito uliotumia uuandike kwenye ripoti, maana watu wanapenda kuuficha.

Halafu fungua faili la tdump, yaani mapito yenyewe kama HYSPLIT ilivyoyaandika, kwa macho yako, usiishie kwenye ramani. Kila mstari una latitudo, longitudo na kimo. Kama hewa ilipita juu ya eneo fulani ikiwa mita 2,800, moshi wa chini pale huenda haikuugusa kabisa, lakini PSCF itaihesabu vilevile. Weka tm_mixd=1 kwenye SETUP.CFG, faili la mipangilio ya HYSPLIT, upate kina cha tabaka la hewa inayochanganyika, kisha ondoa nukta zilizo juu yake.

Gridi ya 0.25 juu ya GDAS ya digrii 1 ni urembo. Kosa la pito moja huwa kama asilimia 20 ya umbali lililosafiri: kilomita 1,000, kosa 200. Tumia digrii 1, au 0.5 ukibanwa sana.

Kipimahewa
Nimeweka uzito, bahari imetulia. Umebaki mkanda wa nchi kavu upande wa kaskazini-mashariki, na wekundu mzito unaozunguka kituo chenyewe. Huo wa kituoni niuripoti kama chanzo?

MzeeGridi
Hapana. Kila pito linaishia kituoni, kwa hiyo pale hesabu haiwezi kutenganisha kitu. Vyanzo vya karibu vitafute kwa upepo uliopimwa hapohapo: polarPlot ya openair (kifurushi cha R), mwelekeo na kasi ya upepo dhidi ya PM2.5. Uchafu ukipanda upepo ukiwa umelala, wa nyumbani huo.

Mkanda wa kaskazini-mashariki uchore upya kwa CWT, ndugu ya PSCF inayotumia vipimo vyenyewe badala ya kuuliza tu kama vimevuka kikomo. Rudia pia kwa kuanzia mita 100 na 1,000. Ukihamahama, usiutaje.

Bundi_R
FLEXPART iweke akiba. Inaachia maelfu ya chembe na kuzitikisa kwa msukosuko wa hewa, si mstari mmoja. Inafaa ukishakuwa na tukio moja unalotaka kulichimba, si msimu mzima kwa kompyuta ya mezani.